Mhusika Anakua, Picha Imesimama

Ni nadra kukuta riwaya ya watoto ambayo mhusika wake mkuu hakui. Mtoto huingia ukurasa wa kwanza akiwa mwoga, mwongo, mkaidi au mpweke, na hutoka ukurasa wa mwisho akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho. Walimu wa fasihi huwaita wahusika wa namna hii wahusika duara, wakiwatenga na wahusika bapa wasiobadilika, na swali hilo halikosi kwenye mitihani. Lakini uchambuzi wetu karibu wote huishia kwenye maneno. Riwaya ya watoto ina michoro pia, na msomaji wa miaka tisa huitazama michoro hiyo kabla ya kusoma aya ya kwanza. Hupekua kitabu chote, picha baada ya picha, ndipo arudi mwanzo. Anapoanza kusoma, amekwisha kumwona mhusika akiwa wa mwisho na akiwa wa mwanzo.

Hapo ndipo lilipo swali lenyewe. Kukua kunahitaji muda, na mchoro hauna muda. Umesimama pale ulipochorwa. Mchoraji anawezaje basi kumwonyesha mtoto ambaye tabia yake inabadilika polepole, katika sura kumi na mbili au thelathini?

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime kwa mifano. Michoro iliyofaulu katika kazi hii haichori badiliko lenyewe. Huonyesha mwili wa mtoto umekaaje, ana ukubwa gani ndani ya fremu, nani yu karibu naye, na nini kimeachwa bila kuchorwa. Kisha humwachia msomaji kupima mwenyewe umbali kati ya picha moja na nyingine. Mchoraji anayetaka kutuonyesha machozi ya toba kwenye uso wa mhusika amefanya kazi ambayo mwandishi ameshaimaliza.

Mfano wa kwanza, na ndio nitakaokaa nao zaidi, ni kisa cha Alice. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika Chuo cha Christ Church, Oxford, aliwasimulia watoto watatu wa familia ya Liddell hadithi wakiwa kwenye mashua. Mmoja wao, Alice, akamwomba aiandike. Dodgson aliinakili kwa mkono wake, akaipamba kwa michoro 37 aliyoichora mwenyewe, na Novemba 1864 akampa mtoto yule kama zawadi. Ilipofika wakati wa kuichapa, akitumia jina la Lewis Carroll, alimtafuta John Tenniel, mchora vibonzo maarufu wa jarida la Punch. Tenniel alichora picha 42. Kitabu kilipochapwa mwaka 1865, nakala 2,000, Tenniel hakuridhishwa na jinsi michoro ilivyotoka kwenye karatasi. Toleo likaondolewa, kitabu kikachapwa upya na mchapaji mwingine. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha uzito aliopewa mchoraji: neno lake lilitosha kulisimamisha toleo zima.

Alice hukua na kusinyaa kwa mwili. Anapozungumza na kiwavi ana kimo cha inchi tatu. Kwenye ukumbi wa mwanzo anafika futi tisa. Wasomaji wengi huishia hapo, wakauchukulia ukubwa huo kuwa mchezo. Ukifuatilia kwa makini utaona jambo zaidi. Katika sura nyingi Alice hubadilika kimo kwa kula au kunywa kitu: chupa, keki, uyoga. Ukubwa wake uko mikononi mwa vitu. Lakini mahakamani, karibu na mwisho, anaanza kukua bila kula wala kunywa chochote. Anakua tu. Na ni hapo anapoacha kuomba radhi, akasimama, akakataa hukumu isiyo na maana. Mwandishi hakusema popote kwamba mtoto huyu amekomaa, ila amempa ukubwa usiotoka kwenye chupa.

Sasa itazame michoro. Wako wanaolalamika kwamba uso wa Alice wa Tenniel haubadiliki: ni mkavu, mzito, karibu uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi naona huo ndio ustadi wake. Kwa kuwa uso haubadiliki, jicho la msomaji hutafuta badiliko kwingine, na hulipata kwenye vitu vinavyomzunguka. Kuna picha amesimama mbele ya mlango mdogo nyuma ya pazia, na mlango huo haumfiki hata kiunoni. Kuna picha amekwama ndani ya nyumba ya sungura, chumba kizima kimejaa mwili wa mtoto. Dodgson, ambaye hakuwa mchoraji stadi, alikuwa amelichora tukio hilo katika mswada wake kwa wazo kali kuliko la Tenniel: alimkunja Alice ndani ya mstatili mtupu, mipaka ya picha yenyewe ikawa kuta. Mtoto yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba amekuwa mkubwa mno kwa jambo fulani na mdogo mno kwa jambo lingine ataielewa picha ile bila maelezo.

Halafu inakuja picha ya karata zikiruka hewani na Alice akijikinga. Tazama chini ya picha hiyo: wanyama waliokuwa wakitenda kama watu, wengine wamevaa nguo, wamerudi kuwa wanyama wa kawaida. Tenniel amemwacha Alice vilevile na kuibadilisha dunia. Mtoto akikua, mamlaka yaliyomtisha huonekana yalivyo.

Kisa hiki kina historia yake kwa Kiswahili. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na humo Alice alichorwa upya kama msichana wa Kiafrika. Miaka 75 baadaye, mwaka 2015, Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, na toleo hilo likarudisha michoro ya Tenniel. Tafsiri ya pili ina Kiswahili cha mtu aliyezaliwa nacho, na kwa maandishi sina shaka nichague ipi. Kwa picha, nasita. Kitabu cha 1940 ni zao la wakati wa ukoloni, kimetengenezwa mbali na wasomaji wake, lakini kiliuliza swali sahihi: mtoto wa Tanga au Lamu atajipima kwa mwili wa nani? Ukuaji wa mhusika humgusa msomaji pale anapoweza kujiweka mahali pake. Ningependa kuona siku moja Alisi mwenye Kiswahili cha 2015 na mwili wa mtoto wa hapa, aliyechorwa na mtu anayejua kutumia fremu kama Tenniel.

Tukitoka Oxford tukaenda Italia, tunakutana na tatizo gumu zaidi. Pinocchio ni kikaragosi cha mti. Uso uliochongwa hauzeeki wala haukomai. Carlo Collodi alianza kukichapa kisa chake Julai 1881 katika gazeti la watoto, Giornale per i bambini, na aliwahi kukimalizia kwenye sura ya 15, kikaragosi akiwa ananing'inia mtini. Wasomaji hawakukubali, akaendelea hadi sura ya 36. Kitabu kilitoka Florence mwaka 1883 na michoro ya Enrico Mazzanti, na tangu hapo wachoraji wa vizazi vyote wamekirudia.

Waulize watoto Pinocchio ni nani, watakuambia ni yule ambaye pua yake hurefuka akisema uongo. Lakini katika riwaya pua hurefuka kwa mara ya kwanza wakati mzee Geppetto anaichonga, kabla kikaragosi hajapata kinywa cha kusemea uongo. Hurefuka tena pale anapogundua kwamba chungu alichokitegemea kwa njaa kimechorwa tu ukutani. Picha ya pua na uongo imekuwa na nguvu kiasi kwamba imeimeza riwaya. Hii ni hatari ambayo wachambuzi wa michoro hawaisemi vya kutosha. Picha inayovutia sana humgandisha mhusika. Mwongo anabaki mwongo milele, kwa sababu ndivyo anavyokumbukwa.

Ukuaji wa kweli wa Pinocchio uko sehemu ambayo karibu hakuna aikumbukaye. Baada ya kumwokoa Geppetto tumboni mwa samaki mkubwa, anafanya kazi ya kuteka maji kwa mkulima ili apate bilauri ya maziwa kwa ajili ya mzee mgonjwa. Asubuhi baada ya asubuhi. Anajifunza kusuka vikapu. Anaweka akiba ya kununulia koti, kisha anaitoa yote kwa ajili ya msichana mwenye nywele za buluu aliyesikia kuwa anaumwa. Hakuna ajabu hapo, ni kujirudia tu, na kujirudia hakupendezi kuchorwa. Mchoraji afanyeje? Nadhani ndipo penye kipimo cha ustadi: kumwonyesha kikaragosi kwa mgongo, ameinama, na ndoo. Nguvu ya picha kama hiyo inatoka kwenye picha za nyuma, ambazo miguu yake ilikuwa ikikimbia kila mara.

Na mwisho wake unastahili kutazamwa vizuri. Katika filamu ya Disney ya mwaka 1940, kikaragosi hugeuka kuwa mvulana. Katika riwaya, mvulana anaamka, kisha anakikuta kikaragosi kimeegemea kiti, kichwa kimelala upande, mikono inaning'inia. Mtoto anatazama alivyokuwa. Filamu imetupa muujiza. Collodi alitupa kitu cha kuchora, yaani mtoto na nafsi yake ya jana ndani ya chumba kimoja.

Shaaban Robert alilikabili jambo linalofanana na hili katika Adili na Nduguze. Hasidi na Mwivu, ndugu walioongozwa na husuda hadi kumtosa ndugu yao baharini, wanageuzwa manyani. Adili anaamriwa kuwapiga kila usiku. Anatii, huku akilia, na akimaliza huwalisha vizuri. Umbo la nje limechukua sura ya tabia ya ndani. Kwa kuwa mfalme Rai ndiye anayewaombea warudi kuwa watu, msomaji anaweza kudhani kwamba mabadiliko yao ni ya kupewa tu. Mimi nasoma tofauti: kinachokua mbele yetu katika kisa hiki ni uhusiano, subira ya aliyedhulumiwa. Mchoraji akichora viboko tu, atakuwa amechora adhabu. Akichora mlo baada ya viboko, mtu na manyani wawili kwenye chakula kimoja, amechora riwaya.

Charlotte's Web ya E. B. White ilitoka Marekani mwaka 1952, michoro ikiwa ya Garth Williams, na kwangu ndicho kitabu kinachofundisha zaidi juu ya mada hii baada ya Alice. Kina watoto wawili wanaokua kwa njia tofauti kabisa. Wilbur, mwananguruwe dhaifu, anaanza kama kiumbe anayeokolewa na kila mtu: kwanza na Fern, msichana anayeng'ang'ania shoka la baba yake, kisha na Charlotte, buibui anayefuma maneno kwenye utando wake. Mwishoni Charlotte anakufa, na Wilbur anakibeba kifuko cha mayai yake, mayai 514, kinywani mwake, hadi nyumbani. Aliyekuwa akitunzwa ametunza. Hakuna hotuba. Na mchoro hauhitaji kumfanya Wilbur aonekane mwenye hekima. Inatosha kwamba yumo ndani ya kreti na amefunga mdomo.

Fern anakua kwa kuondoka. Mwanzo wa kitabu ni wake. Anakaa zizini siku baada ya siku, akisikiliza wanyama. Kisha kwenye maonyesho ya kilimo anampenda zaidi mvulana Henry Fussy na gurudumu kubwa la pembea, na Wilbur anapopewa tuzo Fern yuko huko. Watu wazima wengi huhuzunika kwa jambo hili, wengine humlaumu. White halaumu. Na kadiri kitabu kinavyosonga, Fern hupungua. Kutokuwepo kwake ndiko kukua kwake. Mhariri asiye makini angemwambia mchoraji amrudishe msichana kwenye picha ya mwisho, kwa kuwa ndiye aliye kwenye jalada. Angeliharibu jambo lote.

Kuhusu Charlotte kulikuwa na mvutano. Williams alijaribu kumpa buibui uso kama wa mtu, ili watoto wampende. White alitaka buibui awe buibui, akampelekea mchoraji vitabu vya kitaalamu kuhusu buibui. Mwishowe uso wa Charlotte ukapunguzwa hadi karibu kutoweka. Naunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote. Watoto hawakumpenda Charlotte kidogo kwa kukosa tabasamu. Walimpenda kwa matendo yake, na mchoro uliwaachia nafasi ya kufanya hivyo.

Wazo hilo la kuficha uso lilifikishwa mbali zaidi katika A Monster Calls ya mwaka 2011. Wazo lake lilitoka kwa Siobhan Dowd, aliyefariki mwaka 2007 kabla ya kuliandika. Patrick Ness akaandika riwaya, Jim Kay akachora. Mwaka 2012 kikawa kitabu cha kwanza kupata nishani zote mbili kubwa za vitabu vya watoto Uingereza, ya uandishi na ya uchoraji. Conor, mvulana wa miaka 13, mama yake anaumwa saratani, na saa 6:07 za usiku zimwi la mti humjia. Jambo analopaswa kulikubali ni gumu kuliko zimwi: kwamba sehemu fulani ya moyo wake inataka mateso ya kumngoja mama afe yaishe. Ungelichoraje? Kay hakulichora. Alichora weusi. Wino unatambaa kutoka ukingoni mwa ukurasa na kuyabana maandishi, na mvulana mara nyingi ni mdogo tu ndani ya giza hilo. Msomaji hauoni uso wa Conor ukijifunza kitu. Anaona nafasi aliyobakiwa nayo.

Brian Selznick alitumia njia nyingine katika The Invention of Hugo Cabret ya 2007, yenye kurasa 284 za michoro ya penseli zinazobeba hadithi zenyewe, zikimkaribia mtoto hatua kwa hatua kama kamera. Kitabu hicho kilipewa Nishani ya Caldecott mwaka 2008, riwaya ya kwanza kuipata. Nakiheshimu, lakini nadhani picha zake hubeba mbio na mshangao kuliko ukuaji. Hugo anapofikiria nafasi yake duniani, kitabu hurudi kwenye maneno. Saint-Exupéry katika kisa chake cha mwana mdogo wa mfalme, kilichotoka New York mwaka 1943, alifanya kinyume: mwandishi huyohuyo alichora, kwa mkono usio na majigambo, na kondoo anayependwa kuliko wote ni yule asiyeonekana, aliyemo ndani ya sanduku lenye matundu.

Sasa tuvitazame vitabu vyetu. Hatukosi riwaya zenye watoto wanaokua. M. M. Mulokozi alitupa mfululizo wa Ngome ya Mianzi (1990), Ngoma ya Mianzi (1991) na Moto wa Mianzi (1996), unaowapeleka wasomaji wachanga Uhehe, wakati wa vita dhidi ya Wajerumani. Mfululizo wa namna hiyo ni nafasi ya dhahabu kwa mchoraji: watoto walewale, vitabu vitatu, msomaji naye akikua kati ya kimoja na kingine. Wala hatukosi mikono. John Kilaka, aliyekulia kwenye mtindo wa Tingatinga, vitabu vyake vya picha vimechapishwa Uswisi na kusomwa na watoto wa Ulaya. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umewafunza waandishi na wachoraji pia.

Kinachokosekana ni nafasi ya mchoraji ndani ya kitabu. Mara nyingi huitwa mswada ukiwa umekwisha kupangwa kurasa, akapewa orodha ya matukio: Juma anapanda mti, Juma anaanguka, Juma yuko hospitali. Hausomi mswada wote, kwa hiyo hawezi kujua kwamba Juma wa sura ya nane si mtoto yuleyule wa sura ya pili. Matokeo yake tunayaona. Mvulana ana sura moja leo, nyingine kesho, na tofauti hizo hazina maana yoyote. Ni kwamba mchoraji amesahau alivyomchora. Chini ya picha panawekwa sentensi iliyonyofolewa kwenye hadithi, ikirudia kinachoonekana. Na picha kubwa kuliko zote hupewa tukio la kilele, lile ambalo maneno yamekwisha kulichoma moyoni mwa msomaji.

Wachapishaji hujibu kwamba fedha hazitoshi, na kwa rangi ni kweli. Lakini ukirudi kwenye mifano mingi niliyoitoa, Tenniel alitumia mistari myeusi iliyochongwa kwenye mbao, Williams kalamu na wino, Kay wino, Selznick penseli. Kazi bora kabisa za kumchora mtoto anayekua zimefanywa kwa rangi moja, ileile tunayochapia maandishi. Tunachokosa ni wiki mbili tatu za mchoraji kuusoma mswada, kumchora mhusika akiwa mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kuchora tukio lolote, na kukaa na mwandishi wakubaliane ni tukio gani halitachorwa.

Mwalimu naye anaweza kuanza bila kungoja bajeti ya mtu. Baada ya kuuliza mhusika amebadilikaje, awaambie wanafunzi wafungue picha ya kwanza na ya mwisho, waseme mtoto huyu amesimama wapi, yuko karibu na nani, anatazama upande gani. Wakikosa jibu, wajue kwamba kitabu kimewanyima kitu, na wana haki ya kulisema hilo.

Ombi langu kwa wachapishaji ni dogo na halina gharama: mpeni mchoraji mswada mzima siku ileile mnayompa mhariri, na jina lake liandikwe kwenye jalada, kando ya jina la mwandishi.